Maestro Tuyisenge Afika Uvira

Sévère alikuwa amemaliza samaki wake wote wa ndagala na nusu ya ugali wa bukari, na akili yake ilikuwa imegeukia shughuli yake ya kila adhuhuri, yaani kutafuta njia ya kutoka bila kulipa, wakati televisheni ya mgahawa wa Mama Fadhila ilipoonyesha tangazo jipya la sabuni.

Ndani ya kioo alisimama Boss Riziki mwenyewe, mwenye kiwanda cha Sabuni Malkia pale Kalundu, amevaa koti jeupe la daktari. Udaktari wake haukujulikana popote. Hata shule ya msingi, yeye na walimu wake waliachana kwa amani, kila upande ukiona umepona. Lakini televisheni ya mji haimuulizi mtu diploma, mradi amelipia dakika zake. Boss akainua kipande cha sabuni, akakodoa macho, akatangaza: "Malkia! Inatoa uchafu, inaacha ngozi!" Nyuma yake wasichana watatu walikuwa wakifua kwa bidii shati lililokuwa safi tangu mwanzo, na juu ya hayo yote ukapita wimbo mmoja mtamu, ambao haukustahili kabisa kukutwa mahali pale.

Mama Fadhila, mikono yake ikiwa ndani ya sufuria, akaudaka wimbo na kuendelea nao hata tangazo lilipokwisha.

"Mama Fadhila," Sévère akauliza, "huo wimbo ni wa nani?"

"Wa nani tena? Ni ule tunaimbaka tukifua nguo pale mtoni Kalimabenge. Mama yangu aliuimba, na mama yake pia."

"Na mwenyewe?"

"Hauko na mwenyewe. Ni wa bantu yote."

Mtu wa kawaida angesikia hayo akamalizia bukari lake. Sévère aliweka tonge chini. Mali isiyo na mwenyewe ilikuwa ikimhuzunisha sana. Moyo wake haukuweza kuvumilia kuiona imekaa yatima wakati yeye yupo, mzima, mwenye suti na ulimi. Kwa huruma hiyo hiyo aliwahi kuuza kiwanja cha ufukweni ambacho masika yakifika huwa ni ziwa, na tiketi za tamasha la mwimbaji ambaye hakuwa na habari kwamba kuna mji unaoitwa Uvira. Alichomiliki kihalali duniani kilikuwa pikipiki nyekundu, aliyoifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa ambacho hakuruhusu kitumike kwa kazi nyingine.

Alitoka kwa mlango wa jikoni. Kabla hajafika barabarani, mwenye wimbo alikuwa amekwisha kuzaliwa, kukua, kusomea muziki Ubelgiji na kupata heshima kubwa huko. Lilibaki jina. Alitaka jina lenye harufu ya kanisa, la mtu ambaye ukimdhulumu usiku hulali. Likamjia Tuyisenge, lenye maana ya tumwombe Mungu. Akalitamka mara mbili tatu huku akiwasha pikipiki, akaona linafaa kabisa. Maestro Tuyisenge, wa Brussels.

Kiwandani alipokelewa na Noella, katibu wa Boss, binti mwenye macho mapole ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuwaambia watu kwamba Boss hayupo huku Boss akisikika anakohoa nyuma ya mlango. Sévère hakubishana naye. Alisema tu, kwa sauti ya kupita mlangoni, kwamba amekuja kumwokoa Boss na aibu, na kwamba akichelewa wataanza kumwokoa Mama Chérie. Mama Chérie ndiye aliyekuwa na kiwanda cha pili cha sabuni, kule Kavimvira. Mlango ulifunguka wenyewe.

"Kuniokoa na nini?" Boss akauliza.

"Na Maestro Tuyisenge."

"Ni nani huyo?"

Sévère akafumba macho kama aliyechomwa sindano. Akiwa kazini alisema Kiswahili cha redio, kilichonyooshwa vizuri. Kile cha nyumbani alikiacha mlangoni pamoja na vumbi la viatu. "Boss, nakuomba. Swali hilo usije ukaliuliza mbele za watu. Huyo ndiye mtunzi wa wimbo uliouweka katika tangazo lako. Ameliona. Yuko Brussels, ameliona kwa simu, na amelia."

"Amelia juu ya nini? Minye niliusikia ule wimbo kwa bamama benye kufua!"

"Na wao waliusikia kwa nani?"

Ni kweli Boss hakuwa amewauliza. Katika maisha yake hakuwa amewauliza wanawake wanaofua jambo lolote, isipokuwa kwa nini hawanunui Malkia.

"Sasa anataka nini? Niununue? Bei gani?"

"Wimbo hauuzwi, Boss. Unakodishwa." Sévère akavuta kiti bila kualikwa. "Huko Ulaya kila tangazo lenye muziki lina kontra yake, yaani mkataba. Kwanza, muda: unautaka miezi sita, au mwaka? Pili, mahali: Uvira tu, au pamoja na bonde la Ruzizi, na Bukavu? Tatu, chombo: televisheni peke yake, au na redio? Na lile gari lako lenye vipaza sauti, linaloamsha watu mpaka Makobola, nalo litaimba? Halafu kuna kukata. Wimbo ni mrefu, wewe umeukata ubaki kipande cha nusu dakika. Mtunzi hulipwa kwa uchungu wa kukatwa."

"Uchungu unalipiwa?"

"Ndio unaolipiwa zaidi. Na mwisho, upekee. Unataka wimbo uwe wako peke yako, au Mama Chérie naye aruhusiwe kuukodi?"

Uso wa Boss ukabadilika rangi. "Chérie? Hapana! Peke yangu! Na asitumie hata ule wenye kufanana!"

"Upekee ni ghali, Boss."

"Nasema peke yangu! Na minye sitaki mwaka. Nataka milele. Na Bukavu. Na Kinshasa. Na gari."

Ndivyo alivyokuwa Boss Riziki. Vibarua wake wakikawia kidogo kwenye chakula cha mchana, aliwakata mshahara, lakini mtu asiyemjua alipomfungulia orodha ya vitu asivyovihitaji, alivitaka vyote, kwa sababu nyuma ya kila kimoja alimwona Mama Chérie akilia.

Mapatano yalichukua siku nzima, maana Maestro alikuwa mtu mgumu. Hakupokea simu za wafanyabiashara, sauti ya bei ilimharibia sikio. Alikubali kuandikiwa tu. Boss akitamka bei, Sévère alimwandikia Maestro kwa simu yake kubwa, kisha, kwa bahati mbaya, tumbo lilimkata na kumpeleka msalani, alikokuwa na simu yake ndogo. Kila alipotoka huko, jibu la Maestro lilikuwa limekwisha kufika.

"Papa Sévère," Noella akamwambia alipomwona anakwenda tena, "iko dawa ya tumbo hapa."

"Ni mawazo, binti yangu. Kazi ya sanaa inaumiza."

Jioni ilipokaribia, Boss alikuwa ameanza kumpenda Maestro. Alicheka alipofanya mzaha, akanywea alipokasirika, na Maestro alipoandika kwamba ameota Malkia ikiuzwa Paris, Boss aliomba asomewe mara ya pili. Bei ilikuwa nono. Nusu ingetolewa palepale kama avansi, mkononi mwa wakala, na nusu nyingine Maestro akithibitisha kwamba ameridhika.

Lakini ujinga wa Boss ulikuwa na kona moja yenye mwanga, na hiyo ilikuwa hofu ya kulipa mara mbili.

"Sasa sikia," akasema. "Kesho huyu Maestro anaweza kuja hapa kunipigia makelele kwamba hajapata. Minye nitakuwa nimeisha kukupatia weye. Nani anamujibu?"

"Mimi."

"Utamujibu na nini?"

Boss alikuwa akitazama dirishani. Nje, chini ya kivuli cha ukuta, pikipiki nyekundu iling'aa.

Sévère alitaka kucheka, akajizuia kwa kukohoa. Katika watu wote wa dunia hii, Maestro Tuyisenge ndiye peke yake ambaye hakuwa na namna ya kuja kulalamika. Akaandika kwa mkono wake, kwa herufi za kujikunja, kwamba Maestro akifika mwenyewe na kunung'unika kwa jambo lolote, atafidiwa kwa pikipiki ya wakala, na itakuwa mali yake mpaka atakaporidhika. Akatia sahihi yenye mikia miwili. Noella akapiga muhuri.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu. Sévère alishonesha suti ya rangi ya maziwa ya chokoleti, akala kwa Mama Fadhila na akalipa, jambo lililomtia mama huyo wasiwasi kuhusu afya yake. Boss naye alikwenda redioni, akahojiwa kwa fedha yake mwenyewe, akatangaza kwa Uvira na bonde lote kwamba Malkia ndiyo sabuni ya kwanza ziwani kuwa na muziki wenye kontra, na kwamba Maestro Tuyisenge wa Brussels ana malipo yake mengine yanamsubiri Kalundu. Alilirudia jina hilo mpaka mtangazaji akamwombea maji.

Sévère alisikiliza mahojiano hayo akiwa kitandani, ameridhika. Alikuwa tayari amempangia Maestro ugonjwa. Angethibitisha kwamba ameridhika, nusu ya pili itoke, kisha afe taratibu, pengine kwa mapafu, na kuzikwa Ubelgiji bila kusumbua mtu. Sévère alikuwa hata amekwisha kutunga rambirambi, na ilimliza kidogo.

Basi Noella alipompigia simu asubuhi moja na kusema, "Njoo mbio, Boss anakuita, Maestro amefika," alielewa kwamba ujumbe wa Maestro umefika, akajiuliza ni nani aliyeuandika wakati simu ndogo iko mfukoni mwake. Aliendelea kujiuliza hivyo njia nzima.

Ofisini, katika kiti cha Boss mwenyewe, alikaa mwanamke mnene wa makamo, amevaa kitenge cha manjano, miwani myeusi, na skafu ya sufu shingoni katika joto lile la Kalundu. Boss alikuwa amesimama. Haikuwahi kuonekana Boss Riziki amesimama katika ofisi yake huku mtu mwingine ameketi.

"Huyu ndiye wakala wangu?" mwanamke akauliza, akimtazama Sévère kutoka viatuni kwenda juu. "Amekonda. Kwa maandishi alionekana munene."

Kiswahili cha redio kikamtoka Sévère chote kwa pamoja. "Minye... huyu ni nani?"

"Sévère!" Boss akang'aka. "Ni Maestro!"

"Lakini Maestro ni mwanaume!"

"Nani alisema?" Boss akauliza. "Siku yote ile ulisema hapa: amelia, anataka, anasema, ameota. Wapi ulisema mwanaume?"

Sévère akatafuta kichwani. Ilikuwa kweli. Alikuwa amesema *amelia*, *anataka*, *ameota*, na lugha hii yetu, ambayo maishani mwake ilimsaidia kuficha mambo mengi, haikuwa imemsaidia kutaja hilo.

"Boss ameisha kuona karte yangu," mwanamke akasema kwa upole. Na kweli kadi yake ya uchaguzi ilikuwa mezani, picha ni yeye, jina ni Tuyisenge, wala haikuwa ya kughushi. Sévère alijua kadi za kughushi kama fundi ajuavyo misumari.

Angeweza kusema hapohapo: huyu si Maestro. Boss angeuliza: umejuaje? Na jibu la swali hilo lilikuwa na pingu mwishoni, kwani shemeji wa Boss alikuwa polisi, tena wa kujitolea sana katika mambo ya familia. Sévère akajaribu njia ya kando.

"Maestro," akasema, sauti yake ikirudi nusu nusu, "unakumbuka ulivyoniandikia kuhusu ile ndoto?"

"Nimeandika mengi. Soma kwa sauti, Boss asikie. Iko ndani ya telefone yako, hapana? Mupatie Boss telefone asome namba yenyewe, tuone ni ya Brussels."

Sévère akaurudisha mkono wake kutoka mfukoni polepole, kama aliyegusa nyoka. "Haina haja," akasema. "Betri imekufa."

Ni Noella aliyeweka kikwazo cha kweli. Aliuliza kwa heshima zote, akitabasamu, kama Maestro anaweza kuwaimbia ubeti wa pili wa wimbo wake, maana hapa wanaujua wa kwanza tu. Sévère akajikuta anamwombea Noella mume mwema na watoto wengi.

Mwanamke hakuimba. Alivua miwani, akamtazama binti yule kwa masikitiko.

"Mutoto wangu, sauti hii iko na kontra kule Brussels. Nikifungua mudomo hapa bila papier ya ruhusa, banaweza kunilipisha. Boss anataka kulipa hiyo?"

"Hapana!" Boss akasema haraka. "Hapana, Maestro, usiimbe! Noella, muache Maestro!"

Hata Sévère, katika dhiki yake, alipenda jibu lile. Lilikuwa safi. Alitamani angekuwa amelitunga yeye.

Kisha Maestro akataka kuona tangazo. Wakamwonyesha. Alilitazama mpaka mwisho, akatoa kitambaa, akajifuta jicho moja, halafu, baada ya kufikiri, na la pili.

"Mumemukata mutoto wangu mikono na miguu," akasema. "Na umesema milele. Nani alikupatia milele? Minye natoaka mwaka tu."

"Kontra inasema..." Boss akaanza.

"Kontra iko na sinyatire ya nani? Ya huyu mukondefu, na mikia yake miwili. Yangu iko wapi?" Akaanza kukusanya mkoba wake. "Aksanti kwa maji. Banasema kule Kavimvira iko mama mmoja anatengeneza sabuni. Nitaenda kumusalimia."

"Maestro, kaa! Kaa, nakuomba!"

Akakaa. Alichofanya saa ile hakikuwa na maarifa yoyote ya Ulaya. Alikuwa akitaja bei ya juu, Boss akitaja ya chini, naye akisimama. Boss akiongeza, akikaa. Bonde lote akalichukulia bei yake, Bukavu yake, gari la vipaza sauti lake, na uchungu wa kukatwa akaurudia mara tatu, kila mara ukiwa umezidi. Boss Riziki alitokwa jasho na kufurahi. Aliona sasa ndiyo anafanya biashara na watu wakubwa. Alilipa kila senti, tena kwa noti mpya, zile alizokuwa anawanyima wauza mawese kwa kisingizio kwamba benki imefungwa.

"Sasa," Maestro akasema alipofunga mkoba, "avansi."

"Avansi nilimupatia wakala wako," Boss akasema, na kichwa chake kikageuka. Kichwa cha Noella nacho kikageuka.

"Minye sijaiona," Maestro akasema.

"Nilikuwa nimejiandaa kuituma," Sévère akasema.

"Aksanti. Minye niko hapa. Tuma."

Alituma. Akatoa bahasha ndani ya koti la suti mpya, alikokuwa akiiweka karibu na moyo kwa kuwa hakuiamini nyumba yake mwenyewe, na ilipofika mezani ilionekana waziwazi kwamba suti imekula upande mmoja wa bahasha. Maestro akaipima kwa mkono. Hakuihesabu. Akanung'unika.

Ulikuwa mnung'uniko mdogo, wa koo tu, chini ya skafu. Lakini Boss, kwa hofu yake ya kulipa mara mbili, alikuwa amesikia, na karatasi yenye sahihi ya mikia miwili ikatoka katika droo.

Sévère aliifuata pikipiki yake kwa miguu. Mwanamke alikuwa amemkodi dereva, naye ameketi nyuma, kitenge kikipepea, na kwa kuwa barabara ya Kalundu ina mashimo, walikwenda taratibu, kiasi kwamba mtu mwenye uchungu wa kutosha aliweza kuwafikia. Aliwapata walipotua kando ya barabara kununua ndizi.

"Weye ni nani?" akamuuliza, akihema.

"Umeona karte."

"Niliona. Nauliza weye ni nani!"

Akavua skafu ile ya sufu kwa raha kubwa, akajipepea nayo. Kutoka mikononi mwake, chini ya manukato, ilimfikia Sévère harufu ya vitunguu.

"Ninauzishaka vitunguu, soko ya Kamanyola," akasema. "Siku ile redio inaimba jina yangu asubuhi yote: Tuyisenge, Tuyisenge, franga zako ziko Kalundu. Wenzangu banacheka, banasema, Tuyisenge, banakuita, enda. Nikacheka nao. Kesho yake redio inarudilia. Nikawaza: kama bantu banaitaka sana nikuwe Maestro, minye ni nani nikatae?"

"Lakini haukutunga ule wimbo!"

"Na weye?"

Sévère akakumbuka swali lake kwa Boss siku ile ya kwanza, na hakufurahi kulisikia likimrudia.

"Nitarudi kwa Boss. Nitamwambia yote."

"Rudi. Utamwambia nini? Kwamba hapakuwa na Maestro, ulimudanganya? Minye niko na karte, niko na kontra, niko na jina. Weye uko na nini? Suti." Akampa ndizi moja. "Kula. Umetembea sana."

Akaila, kwa kuwa kweli alikuwa ametembea sana. Alipomaliza, pikipiki ilikuwa imekwisha kupita daraja, inaelekea bondeni.

Uvira haikumcheka, maana haikujua. Hilo ndilo lililomuuma. Alilazimika kupita mitaani na suti yake, akisikia wimbo ule kutoka kila redio na kutoka lile gari la vipaza sauti, na kupongezwa na watu kwa kumleta Maestro. Mama Fadhila alimpa chakula bure siku moja, kwa heshima ya sanaa. Sévère alishindwa kumaliza.

Kisha Boss Riziki akaamua kutengeneza sabuni ya unga. Sabuni ya unga, alieleza redioni, haiwezi kuuzwa kwa wimbo wa sabuni ya kipande, hata mtoto anajua. Akaagiza wimbo mpya kwa Maestro, akamtumia avansi moja kwa moja bila kupitia wakala, na Maestro akamtumia Sévère ujumbe wa sauti.

"Sévère, mwana wangu. Boss anataka wimbo mupya, wenye kutungwa, wa kutosikiwa bado na bamama ya mtoni. Mama Chérie ameanza kuulizia ule wa zamani umetoka wapi. Njoo Kamanyola."

Alimpigia palepale. "Minye sijui kutunga wimbo!"

"Minye pia sijui. Lakini ni weye ulinizala. Sasa mutoto iko na njaa."

"Sikuji!"

"Moto yako, pikipiki nyekundu, iko hapa. Asubuhi inabeba vitunguu kutoka Mutarule. Juzi ilianguka kidogo. Siku Boss anapokea wimbo, unairudisha kwenu."

Alikwenda. Alipanda lori la mihogo, akashuka Kamanyola na suti imebadilika rangi, akaikuta pikipiki yake imeegemea kibanda, imefungwa kamba za magunia, kioo kimoja hakipo. Aligusa tangi, akalifuta vumbi kwa kiganja. Tuyisenge alikuwa akipanga vitunguu kwa mafungu, mteja mmoja akimlalamikia, naye akijifanya hasikii. Alimwonyesha Sévère gunia la kukalia, nyuma ya meza, mahali penye kivuli kidogo.

Mtu huyu aliyekuwa ameuza ziwa, aliyeuza tamasha la hewa, ambaye hakuwahi kutoa jasho kwa kitu kilichopo, akaketi hapo tangu asubuhi akitafuta kitu ambacho hakikuwepo bado. Alijaribu maneno. Alijaribu kupiga mluzi. Aligundua, kwa mshangao uliokaribia hasira, kwamba nyimbo zote anazozijua zina wenyewe. Jua lilipopanda alikuwa amepata kipande kifupi, akasafisha koo, akakiimba.

Tuyisenge alisikiliza huku akimenya kitunguu kilichooza. Wauzaji wa meza za jirani nao walisikiliza.

"Mubaya," akasema. "Anza tena."

Sévère akajifuta jasho kwa ncha ya tai, akakohoa, akaanza tena.